Nimefuta onyesho la mwisho wa mwaka la vijana wangu wa maigizo, wazazi wamekuja juu. Nimekosea?

MwalimuWaPazia (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Nafundisha maigizo kwa vijana wa miaka 13 hadi 17, na huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili. Si chuo cha uigizaji. Ni kikundi cha baada ya masomo, mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu. Miaka yote ratiba ilikuwa ile ile: wiki za mwanzo tunacheza na kuzoeana, kisha naleta tamthilia, nagawa nafasi, na kuanzia hapo kila dakika ni ya kujiandaa na onyesho la mwisho wa mwaka. Ukumbi unajaa, simu zinanyanyuliwa, makofi, picha ya pamoja, tunaagana.

Mwaka huu nimelifuta. Wazazi wamenijia juu na wengine wametishia kuwatoa watoto. Kabla sijakutana nao nataka niwaeleze kilichonifikisha hapa, mnikosoe mtakavyo.

Onyesho la mwaka jana, tukio la tatu. Mhusika mkuu alikuwa binti mwenye kipaji kweli, amekariri mistari yake na ya wenzake wote. Kijana anayecheza kaka yake akaruka mistari minne. Jambo la kawaida, hata wakongwe huwapata. Yule binti akanyamaza, akamtazama. Kijana naye, asiyejua kama amekosea, akamtazama. Mimi nyuma ya pazia, muswada mkononi, nanong'ona mstari, hasikii. Kama sekunde arobaini hivi. Ambaye hajawahi kusimama jukwaani hajui kimya cha sekunde arobaini kina urefu gani. Mwishowe kijana akajirudi, akasema ule mstari alioruka, na igizo likaendelea kama redio iliyorudishiwa umeme.

Baadaye nikamuuliza binti ilikuwaje. Akanijibu kwa mshangao, "Nilikuwa nasubiri neno langu, mwalimu."

Usiku ule sikulala. Kaka yake amesimama mbele yake, ametoka kumwambia anaondoka nyumbani na harudi tena, naye ndani ya maneno yale hakusikia chochote cha kujibu. Alichosikia ni kwamba zamu yake bado. Na aliyemfundisha hivyo ni mimi. Miezi mitatu kazi yangu ilikuwa "ukisikia neno fulani piga hatua mbili kushoto, sema mstari wako". Nilifundisha watoto kusubiri zamu, nikakuita kule kuigiza.

Kuna la pili na linaniuma zaidi. Nilikuwa na vijana 24. Wenye nafasi za kueleweka walikuwa sita. Waliobaki ni wanakijiji, askari wa kwanza, askari wa pili, na mmoja alikuwa mlango. Sitanii. Alisimama na ubao dakika hamsini, na mama yake alikuja na maua.

Kwa hiyo mwaka huu nimerudi kwa Viola Spolin. Kwa wasiomjua, huyu mama alifanya kazi Chicago, na kati ya 1939 na 1941 alisimamia maigizo katika mpango wa serikali wa burudani kwa jamii. Wengi aliofanya nao kazi walikuwa watoto na familia za wahamiaji, lugha zao mbalimbali. Kuwapa tamthilia wakariri kusingemfikisha popote, akabuni michezo. Kila mchezo una kanuni na jambo moja la kukazia akili, na mchezaji akishughulika na lile jambo anasahau kuona haya. Kitabu chake kilitoka mwaka 1963, na mwanawe Paul Sills ni mmoja wa walioanzisha kundi la Second City mwaka 1959, lile lililozaa wachekeshaji wengi wa Marekani. Sisi tuliorithi michezo ile tumeifanya ya kupasha misuli kabla ya kazi yenyewe. Kwake michezo ndiyo ilikuwa kazi.

Chukueni mchezo wa kioo. Wawili wanatazamana, mmoja anaongoza kwa mwili, mwenzake ni kioo chake. Baadaye wanabadilishana. Kisha unawaambia sasa hakuna kiongozi, kila mmoja amfuate mwenzake. Hapo ndipo penye utamu. Wiki ya sita niliwaweka pamoja vijana wawili ambao najua hawasalimiani. Mwanzo walikuwa wanategeana, mmoja ananyanyua mkono kwa kasi makusudi mwenzake ashindwe. Nikawaambia polepole, polepole, macho yasiondoke kwenye macho. Baada ya kama dakika tatu mikono ikaanza kupanda bila kuonekana aliyeanza. Chumba kizima kilinyamaza bila kuambiwa. Wale wawili bado hawasalimiani, sitawadanganya, lakini wiki iliyofuata mmoja wao aliniomba tufanye tena kile kioo.

Sasa jambo hilo nimwoneshe nini mzazi aliyekuja na simu yake kurekodi?

Nawasilisha.

---

Kiti_cha_Nyuma

Nimeweka kambi. Tiririkeni wakuu.

---

TaaZaPembeni

Mwalimu, nakuheshimu, na hiyo habari ya mlango imenichoma maana nami niliwahi kuwa mti. Ila nitatofautiana nawe waziwazi.

Nimefanya taa na kuongoza maonyesho ya vijana miaka mingi. Hujafuta tatizo, umefuta hadhira. Sanaa hii haijakamilika mpaka atokee mtu asiyekujua, asiyekupenda kwa sababu ni mama yako, akae gizani akutazame. Kikundi kinachojifunza kuigiza bila kuigizia watu ni sawa na kujifunza kuogelea juu ya mkeka. Mikono itazunguka vizuri, ila maji hutayajua.

Halafu kuna jambo ambalo mazoezi peke yake hayalifundishi: tarehe haisogei. Vijana wa leo karibu kila kitu chao kinaweza kuahirishwa au kufutwa. Onyesho la saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili. Uingereza mwaka 1956 mwalimu anaitwa Michael Croft alikusanya wavulana wa shule wakati wa likizo, wakaandaa tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfalme Henry wa Tano wakaipeleka jukwaani London. Kutoka pale ikazaliwa National Youth Theatre, ndiko alikopita Helen Mirren, ndiko alikopita Daniel Craig. Wale hawakukusanyika kucheza kioo, walikuwa na onyesho mbele yao.

Nikupe mfano wa kwangu. Nilikuwa na kijana aliyekataa katakata kupanda jukwaani. Nikamweka nami kwenye meza ya taa. Kuna tukio mwanga wa dirishani unatakiwa kufifia mhusika anaposoma barua. Mara ya kwanza alitelezesha kitufe kwa hesabu niliyomwandikia, sekunde nane. Ikawa mwanga umeisha, msomaji bado yuko katikati ya barua. Usiku wa pili nikamwona hatazami karatasi yangu kabisa. Anamtazama mwigizaji mabegani. Nikamuuliza unaangalia nini, akasema, "Akikaribia mwisho wa barua mabega yanashuka." Akawa anashusha mwanga na mabega. Huyo hakuwahi kusema mstari hata mmoja, na ndiye aliyekuwa anasikiliza kuliko wote ukumbini. Bila onyesho angejifunzia wapi?

Tatizo lako lilikuwa namna ya mazoezi. Usichome nyumba kwa ajili ya panya.

---

MamaWaWawili

Naomba niseme kama mzazi, maana tunasemwa sana humu kama watu wa simu na makofi tu.

Mwanangu wa kwanza alikuwa kwenye kikundi kama hicho. Tulipouliza amejifunza nini, tulijibiwa "kujiamini". Kila mahali ni kujiamini: karate kujiamini, kuogelea kujiamini, maigizo kujiamini. Basi ndugu mwalimu usituone wabaya tukitaka kuona kitu. Onyesho ndicho kitu pekee mlichowahi kutuonesha.

Lililonishangaza nyumbani halikutoka kwenye onyesho, nakubali. Siku moja anagombana na mdogo wake, katikati ya ugomvi akasimama akasema, "Ngoja, hebu tubadilishane, wewe uwe mimi." Mdogo wake akamwigiza, mikono kiunoni, sauti ile ile ya kuamrisha. Alimpatia kabisa! Ugomvi ukaisha kwa kicheko. Hicho walikifanya kwenye kikundi, mimi sikuwahi kujua.

Swali langu: je, haya maigizo yanasaidia masomo mengine kweli, au ni maneno ya kuvutia wateja?

---

Kalamu_Kavu

MamaWaWawili, swali zuri na majibu ya wengi humu yangekuwa chumvi tupu, kwa hiyo niwahi.

Mwaka 2013 OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, lilichapisha kitabu kilichopitia tafiti za elimu ya sanaa kwa miongo mingi, mwanasaikolojia Ellen Winner akiwa mmoja wa waandishi. Upande wa maigizo kuna jambo lililosimama imara: watoto wanapoigiza hadithi darasani, uwezo wao wa lugha unakua, pamoja na kuelewa wanachosoma. Tazama vizuri, ni kuigiza hadithi darasani, wala si lazima kuwe na ukumbi na maleba. Upande wa ubunifu na tabia, waandishi walisema ushahidi ni mwembamba. Nao wakamaliza kwa kusema sababu kubwa ya kufundisha sanaa ni sanaa yenyewe.

Kuna utafiti mwingine wa Marekani, Jay Greene na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arkansas. Makundi ya wanafunzi yalichaguliwa kwa bahati nasibu, haya yaende kuangalia tamthilia ukumbini, haya yabaki. Waliokwenda waliijua hadithi na msamiati wake vizuri zaidi, na walifanya vizuri zaidi katika kutambua hisia za watu. Kwa hiyo TaaZaPembeni naye ana hoja: kukaa kwenye hadhira nako ni elimu. Vikundi vingi vya vijana vinaigiza mwaka mzima bila kwenda kuangalia igizo la wengine hata mara moja.

Mtu akikuambia maigizo yatampandisha mwanao hesabu, mwachie hapo hapo.

---

dogo_wa_mstari_mmoja

Habari wakubwa. Nina miaka 17, naigiza kikundi fulani, naona mnatujadili kama hatupo 😂

Hilo la TaaZaPembeni, kwamba karibu kila kitu chetu kinaweza kufutwa, ni kweli tupu. Sisi tunarekodi video za sekunde thelathini. Juzi nilirudia moja mara 34, nimehesabu. Ya 34 ndiyo iliyopanda, watu wakasema una kipaji. Siku nilipopanda jukwaani mara ya kwanza nikakosea neno, mkono wangu ukafanya hivi 👆 kama nabonyeza nianze upya. Mbele ya watu. Niliona aibu ila nilicheka mwenyewe.

Ila nina malalamiko. Mbona kila igizo tunaloandikiwa na watu wazima ni dawa za kulevya, mimba, au mtoto asiyesikia wazazi anayeishia vibaya? Kila mwaka. Nimeshakufa mara tatu jukwaani kwa sababu ya kutosikiliza wakubwa. Tukisema tuandike yetu tunaambiwa "sawa, ila iwe na funzo". Mtu mzima akienda kuangalia filamu huwa anaulizwa funzo? Sisi tunataka kuigiza mtu ambaye hajui kama anampenda rafiki yake au anamwonea wivu. Hakuna anayekufa. Mnaona ni ndogo, kwetu ndiyo kubwa.

---

Kiti_cha_Nyuma

"Nimeshakufa mara tatu jukwaani" 😂😂 dogo upewe maua yako.

---

DadaChaki

Mimi ni mwalimu wa darasani, wanafunzi 40 na zaidi, ukumbi sina, taa sina, muda sina. Mnapobishana kuhusu onyesho nawasikia kama watu wanaobishana kuhusu rangi ya gari. Mimi nakwenda kwa miguu.

Aliyenisaidia ni Dorothy Heathcote. Mwingereza huyu aliacha shule akiwa na miaka 14 akaenda kufanya kazi kiwanda cha kufuma nguo, akaja kusomea uigizaji, na mwaka 1950 akaanza kufundisha walimu upande wa Newcastle. Yeye hakuwa na haja na jukwaa. Jambo lake moja kubwa lilikuwa mwalimu mwenyewe kuingia kwenye uhusika, jingine aliliita joho la mtaalamu: wanafunzi wanavishwa kazi ya wataalamu na wanaombwa msaada wa kweli ndani ya hadithi.

Nilijaribu kwenye somo la historia. Nilitoka nje, nikavaa koti nimeligeuza, nikabisha hodi. Nikaingia na bahasha, mabega nimeyashusha, nikasema kwa sauti ndogo, "Samahani, nimeelekezwa hapa ndipo wanapotunza vitu vya kale. Babu yangu ameacha barua hii na sijui kuisoma. Naomba msiipoteze." Nikanyamaza.

Darasa likacheka sekunde kama kumi. Mimi sijacheka. Kisha binti wa mstari wa mbele, ambaye tangu mwaka uanze nilikuwa namsikia kwenye mahudhurio tu, akasimama, akavuta kiti, akasema, "Karibu uketi. Kwanza tuambie, ni nani mwingine ameishika?" Karibu nitoke kwenye uhusika kwa mshangao. Kwa wiki mbili walisoma barua ile (niliiandika mwenyewe na kuipaka majani ya chai ionekane imezeeka), wakatafuta miaka, wakabishana kama ni halali kuionesha hadharani. Hadhira haikuwepo, hata makofi hayakupigwa.

Siri ni mwalimu kukubali kuwa asiyejua. Wengi hatuwezi. Tukivaa uhusika tunajipa ufalme.

---

MpitaNjia_77

Yote sawa, lakini ajira zipo?

---

Kalamu_Kavu

MpitaNjia_77, wanaosoma hesabu wote wanakuwa wanahesabu?

---

MwalimuWaPazia

Nimerudi. Nimesoma yote, mengine mara mbili.

Kwanza dogo_wa_mstari_mmoja. Umenipata pabaya, maana tamthilia mbili kati ya hizo za kufa huenda niliziandika mimi au jamaa zangu. Kwenye kazi hii kuna mkondo mzima wa kupeleka igizo shuleni kama chombo cha kufundishia, ulianza rasmi Coventry, Uingereza, mwaka 1965 katika ukumbi wa Belgrade. Ila wale hawakwenda kuhubiri tu. Waigizaji ambao pia walikuwa walimu waliwaingiza watoto ndani ya kisa, wakawaacha waamue. Tulichokopa wengi wetu ni mahubiri, maamuzi tukayaacha huko huko.

Nikupe kisa cha mwongozaji wa maigizo Augusto Boal wa Brazil. Mwaka 1971 utawala wa kijeshi ulimfunga na kumtesa, akaishia uhamishoni. Mwaka 1973 alikuwa Peru katika kampeni ya kufuta ujinga wa kusoma na kuandika. Utaratibu wake wakati ule: waigizaji wanafika kwenye tatizo, wanasimama, hadhira inapendekeza la kufanya, waigizaji wanalicheza. Mwenyewe amesimulia kwamba mama mmoja alipendekeza mhusika azungumze na mumewe aliyemdanganya, mazungumzo ya wazi kabisa. Wakacheza. Mama akasema hapana, si hivyo. Wakarudia kwa ukali zaidi. Si hivyo. Boal alipochoka akamwambia basi panda utuoneshe. Mama akapanda, akamkamata mwigizaji wa watu, akashika mpini wa ufagio, akaanza kumtandika. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya wazi! Tangu pale Boal akaondoa ukuta: mtazamaji akiona njia nyingine apige kelele "simama", apande, achukue nafasi ya mhusika. Ndiyo jukwaa la mijadala tunalolijua leo.

Tumelijaribu mwaka huu. Vijana walileta wenyewe kisa: mmoja amepiga picha mazungumzo ya siri ya rafiki yake na kuyatupa kwenye kundi la watu hamsini. Hakuna anayekufa, dogo. Tukio lina dakika nne. Kijana wa kwanza aliyepanda kubadilisha mambo akasema mhusika azime simu aende kulala. Vicheko. Mwongozaji wa zoezi, ambaye Boal alimwita jokeri kama ile karata isiyo na upande, kazi yake si kusema umekosea. Anauliza hadhira, "Hili linawezekana?" Wakasema haliwezekani, kesho shule ipo. Wa pili akaenda kumwomba msamaha aliyesambaza, eti yaishe. Wa tatu hakumfuata msambazaji kabisa. Alikwenda kwa yule kijana aliyekuwa amekaa pembeni ya tukio akicheka tu, akamwambia, "Wewe ulicheka. Kwa nini?" Aliyekuwa anacheza nafasi ya kucheka hakuwa na mstari hata mmoja, hakuna aliyemwandikia. Akafungua kinywa, akafunga. Kisha akasema, "Kwa sababu niliogopa inayofuata itakuwa ya kwangu."

Kwa tukio lile sikutoa maelekezo yoyote.

TaaZaPembeni, kijana wako wa mabega nimemfikiria siku nzima. Nakubali nilikimbia hadhira kwa sababu ya woga wangu. Bado sikubali tarehe iwe bwana wa mwaka mzima.

---

Sauti_Tulivu

Naomba niweke angalizo ambalo huwa halitajwi mpaka liharibike jambo.

Niliwahi kuwa kwenye mazoezi ambapo mwongozaji aliwaambia vijana wafumbe macho, wakumbuke siku ya huzuni kuliko zote maishani, halafu waitumie kwenye tukio. Binti mmoja akaanza kulia na hakunyamaza. Mwongozaji alifurahi, akasema "ndiyo, itunze hiyo!" Tulipomaliza kila mtu akachukua begi lake. Yule binti alibaki kwenye ngazi na hakuna aliyejua la kumwambia, mimi nikiwemo.

Watu husema ni mbinu ya Stanislavski, yule mwongozaji wa Urusi aliyefundisha uigizaji. Ni kweli alilifanyia kazi suala la kumbukumbu ya hisia, lakini miaka yake ya mwisho mkazo wake ulihamia kwenye vitendo vya mwili: mhusika anataka nini, anafanya nini kukipata. Na kuna lile neno lake dogo, "kama". Ungefanya nini kama ungekuwa wewe mlango umefungwa na nje kuna mtu? Kijana anaweza kwenda mbali sana na "kama" bila kuchimba kaburi la nyumbani kwao.

Kwa hiyo mwalimu, hicho kisa cha picha za siri, je, ni cha kweli cha mmoja wao? Na baada ya zoezi mnavua uhusika vipi? Mimi huwa kila mtu anataja jina lake, anasema jambo moja analotofautiana na mhusika, anakung'uta mikono, ndipo tunaondoka. Wanaona kichekesho. Hawaruhusiwi kutoka bila kukifanya.

---

MwalimuWaPazia

Sauti_Tulivu, umenishika. Nilidhani ni cha kubuni. Baada ya wiki nikaambiwa pembeni kwamba kuna mmoja kilimpata kitu cha kufanana na hicho, na alikuwa chumbani siku ile. Hakuwa ameigiza, alikuwa ameketi. Alisema hakuumia, lakini sikuwa nimemuuliza kabla. Sasa nimebadilisha: visa vinaandikwa na kundi zima, vinachanganywa mpaka havina mwenyewe, na yeyote anaweza kukaa nje bila kutoa sababu. Kuvua uhusika tulikuwa hatufanyi. Tunaanza wiki hii.

---

dogo_wa_mstari_mmoja

Mwalimu samahani, yule dada wa "nasubiri neno langu" yuko wapi?

---

MwalimuWaPazia

Aliacha. Watu walimpigia makofi, wakamsifu, na wiki mbili baadaye akaacha. Nilimwandikia mama yake mara moja, sikupata jibu, nikaona haya kuendelea.

---

TaaZaPembeni

Andika tena.

Na sikiliza pendekezo, ulikatae ukitaka. Usifanye onyesho moja kubwa la mwisho. Fanya madogo mengi, kila baada ya wiki nne hivi, watazamaji kumi na tano, ishirini, nusu yao wawe watu ambao si wazazi. Waigizaji wabadilishane nafasi, asiwepo wa kudumu. Aliyecheza leo, kesho anashika taa au anapokea watu mlangoni (mlango wa kweli safari hii). Anayekosea leo ana nafasi nyingine mwezi ujao, kwa hiyo hafi. Mzazi ataona kitu, na wewe hutapoteza miezi mitatu kwa hatua mbili kushoto.

---

MamaWaWawili

Mimi hilo ningekuja. Na simu ningeiacha kwenye pochi, mkituambia sababu.

---

MwalimuWaPazia

Mrejesho, wakuu. Nilikutana na wazazi jana. Nilikuwa nimeandaa maelezo kurasa mbili, nikafika ya kwanza katikati nikaona nyuso zinafunga. Nikaacha. Nikawaomba wasimame wawili wawili, wacheze kioo. Baba mmoja mwenye suti alikataa, akasimama ukutani mikono kifuani. Wengine wakaanza kwa kucheka, wakanyamaza kama vijana walivyonyamaza. Mama wa kijana wangu mmoja alikuwa na mshirika asiyemjua kabisa, walipomaliza wakabaki wameshikana mikono wanacheka, hawajui waachane vipi.

Sikushinda wote. Wawili wanawatoa watoto wao. Baba wa suti alinifuata mwishoni akasema bado haoni faida, ila mwanawe amekataa kuondoka kwa hiyo ataendelea kumleta. Nimelipokea.

Tumekubaliana na mpango wa TaaZaPembeni, maonyesho madogo. La kwanza ni wiki ya tatu kuanzia sasa, kisa wanakiandika wenyewe. Kuna rafiki ambaye hajui kama anapenda au anaona wivu. Dogo, sijui wamelitoa wapi wazo lako.

Na nimeandika tena kwa yule mama. Amejibu safari hii. Binti anauliza kama kuna mistari ya kukariri.

---

TaaZaPembeni

Umemjibuje?

---

MwalimuWaPazia

Nimemwambia hakuna bado. Hajasema kama atakuja.

Wewe je? Taa hatuna. Chumba kina balbu mbili na swichi moja karibu na mlango.

---

TaaZaPembeni

Swichi moja naifahamu, ndiyo niliyoanzia. Mazoezi ni saa ngapi?